Mikia ya Dirishani kwa Mama

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wanangu wawili. Natumaini barua hii itawakuta wote mko salama, na kile kikohozi cha mkubwa kimeshaondoka. Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba amekohoa wiki mbili mfululizo. Mwambie mama yake mdogo anampa pole, na asikubali kulazwa karibu na dirisha hata kama anapapenda. Mimi mwili mzima. Pasi bado naishika, mgongo bado unanung'unika, na yule msimamizi wetu pale dobi bado anapita nyuma yetu akikagua kola za mashati utafikiri atayavaa yeye. Nasema mwili mzima. Ya moyo utayakuta huko mbele.

Najua utashangaa kupata barua. Chiriku, uliyempa jina mwenyewe kwa sababu ya domo lake, leo kakaa kimya anaandika kwa kalamu! Simu ninayo, Dada, na namba yako naijua kwa moyo. Nimeshakupigia mara tatu tangu mazishi, na mara zote tatu ukisema "haloo" tu naanza kukuuliza kama huko mvua imenyesha. Mara ya mwisho uliniuliza kama nimekupigia kwa ajili ya mvua. Nikacheka, nikakata, nikakaa sakafuni nikalia. Basi nimeona heri karatasi, maana karatasi hainikatizi, na nikiogopa naweza kuweka kalamu chini nikarudi kesho.

Habari za nyumbani ni kwamba hakuna tena nyumbani. Mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu, na simlaumu, alivumilia. Mimi nimepata chumba kimoja nyuma ya dobi. Kitanda kikiingia, mimi nasimama nje nikisubiri zamu yangu. Kabati la mama amelichukua jirani yetu Fundi Saa, kaahidi kulitunza, ingawa mkewe kaanza kulipiga rangi hata halijafika mlangoni. Vyombo nimegawa. Nguo zake nilizifua zote na kuzipiga pasi kabla ya kuzitoa, hata zile kuukuu za kulalia. Wenzangu waliniambia nguo za kugawa hazihitaji pasi. Niliwaambia wakae na pasi zao.

Kilichobaki ni lile dungusi la kuning'inia, lenye mikia. Shemeji aliponipigia kuhusu vitu vya mama nilimwomba akuulize nilipeleke wapi. Alikuwa hajaweka simu mbali, kwa hiyo nilikusikia mwenyewe. Ulisema, "Mwambie alitupe." Shemeji, na upole wake ule, akanigeuzia maneno, eti dada yako anasema fanya utakavyoona inafaa. Nikajibu sawa. Tangu siku hiyo nimelitoa dirishani mara mbili, nikafika nalo hadi kwenye pipa la taka, nikarudi nalo. Mara ya pili miiba iliniingia kiganjani, ile midogo laini isiyoonekana, na nilipiga pasi wiki nzima nikiisikia.

Dada, huwezi kulitupa kabla hujajua ni nini unachokitupa. Ndiyo maana nakuandikia. Ukishamaliza kusoma, uamuzi ni wako, nami nitaufuata.

Siku ya mazishi nilikuona umesimama mlangoni mwa chumba cha mama. Hukuingia. Uliangalia ile mikia iliyoshuka kutoka kwenye ndoano hadi karibu na sakafu, na wakati ule lilikuwa na maua, yale mekundu yenye rangi ya waridi, kama kumi na tano hivi. Mke wa Fundi Saa alikuwa karibu yako, na mdomo wake unaujua, ni pacha wa wangu. Alinieleza ulichomwambia. Ulimwambia: "Lake limefika sakafuni. La mwanangu lilimshinda." Kisha ukamwambia kwamba miaka tisa yote ulikuwa ukingoja neno moja tu kutoka kwa mama, akuombe radhi, na hakulisema hadi kaingia kaburini.

Naomba nirudi nyuma kidogo. Sikukumbushi ili kukutonesha. Nataka tu yote yawe mahali pamoja.

Mwanao aliishi siku kumi na moja. Wiki ile alipoondoka ulikuwa huli, husemi, umekaa ukingoni mwa kitanda na mikono imelala magotini. Mama hakujua la kukwambia. Alikwenda sebuleni kwenye dungusi lake kubwa, akakata mkia mmoja, akauleta umelala juu ya gazeti. Ukamwuliza wa nini. Akasema wa kukupa mikono kazi. Ulikasirika, lakini uliupokea. Mama akakufundisha: mkia ukikatwa haupandwi siku ileile. Unalazwa kivulini siku saba au zaidi, mpaka pale palipokatwa pakauke na kufunga ngozi. Alifunga uzi mwekundu upande wa chini, usije ukaupanda kichwa chini miguu juu, maana ukigeuzwa haushiki mizizi. Siku saba zile ulikuwa ukiamka na kwenda kuuangalia. Siku ya tatu ulikunywa chai. Mimi nilikuwa nachungulia mlangoni, nikaenda kumwambia mama umekunywa chai, akajifuta macho na khanga.

Kopo la kuupandia ulilitafuta mwenyewe, lile la maziwa ya unga ya mtoto, ambayo hayakufika hata nusu. Ulilitoboa matundu chini kwa msumari. Ukaweka kokoto, kisha mchanga wa ujenzi uliochanganywa na udongo kidogo, ukaushika mkia wako wima kwa njiti mbili. Likashika. Mwaka ule wote ulikuwa ukilizungumzisha, nami nilikuwa nikikutania kwamba umepata mtu wa kukusikiliza bila kukujibu kama mimi. Shemeji alipopata kazi huko mliko, safari ilikuwa ya siku mbili na mikia ilikuwa imeanza kuwa mirefu, ingekatika. Ukamkabidhi mama. Ulimwambia, nakumbuka neno kwa neno: "Huyu nakuachia wewe." Hukusema hili, ulisema huyu.

Miaka miwili mama alilitunza kwa njiti yake ya ufagio. Unaijua. Anaichomeka udongoni hadi chini, anangoja, anaichomoa. Ikitoka na udongo umeing'ang'ania, hakuna maji. Ikitoka kavu, kikombe kimoja cha chai, basi. Miezi ya baridi hata ikitoka kavu alikuwa akisema liacheni lisinzie. Lilikuwa na mikia tisa, juu ya kabati chumbani kwake.

Halafu ukaja kututembelea, ukaingia chumbani hata mzigo hujautua, ukakuta kopo lina udongo mtupu. Sote tulikuwa tumesimama pale. Ukamwuliza mama liko wapi. Mama akaniangalia, akakuangalia wewe, akasema, "Ni mimi. Nililizidishia maji." Ukamwambia maneno ambayo sitayarudia, nawe nadhani huyapendi. Ukaondoka asubuhi. Tangu hapo ulituma shuka, ulituma dawa za kifua chake, ulituma picha za watoto, yote kupitia kwa shemeji, lakini salamu kutoka kinywani mwako mama hakuzipata tena. Akikupigia ulikuwa ukisema uko kazini, hata Jumapili.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu imekuwa ikigoma. Nimeweka maji ya chai jikoni, yamechemka yakakauka, nimeweka mengine.

Dada, mama hakuliua dungusi lako. Nililiua mimi.

Nilikuwa mpya pale dobi na nilitaka kupendwa. Si unanijua, nikikaa na watu lazima niwe na hadithi. Niliwasimulia wenzangu habari za dungusi la nyumbani kwetu lenye maua mekundu, nikalipamba mpaka likawa halina mfano, na wote saba wakataka vipande. Nikawaahidi. La mama la sebuleni sikuweza kuligusa, mikia yake aliijua mmoja mmoja. Lako lilikuwa juu ya kabati, na wewe ulikuwa mbali. Nililikata mikia saba siku moja, kwa mkasi wa jikoni, mama akiwa kliniki. Niliwagawia palepale, nikajitia mtaalamu, nikawaambia wapande leoleo na wamwagilie bila kukoma. Mambo yote ambayo mama alinifundisha yasifanywe. Niliyajua, nikaona ni kazi ya wazee wasio na haraka.

Nyumbani ilibaki mikia miwili na visiki. Mama alipouliza nikasema panya. Kisha tukasikia unakuja. Nikapata kiwewe. Nikaanza kulimwagilia asubuhi na jioni, kwa siri, lichipue kabla hujafika, na nikaongeza maji ya kuoshea mchele niliyosikia yana nguvu. Wiki mbili tu. Nje lilikuwa kijani kabisa, nikafurahi. Siku nilipoligusa, mkia ulibaki mkononi mwangu umelegea, na ndani ulikuwa maji meusi. Nikautupa, nikatupa na mwenzake na visiki, nikamwambia mama ukweli wote siku moja kabla hujaingia. Hakunipiga wala hakufoka. Aliketi tu.

Ulipoondoka nilimwuliza kwa nini alijitwisha. Alisema yeye na wewe ni mama na mwana, mtapatana tu, leo au kesho. Lakini mimi na wewe tukivunjikiana, siku yeye akiondoka kila mmoja wetu atabaki peke yake duniani. Akasema jambo la kukwambia ni langu, nikwambie mwenyewe nikishapata moyo, naye hatanisukuma. Aliweza kujitwisha kosa langu, Dada, ila kukuomba radhi kwa kosa ambalo si lake hakuweza. Nilimwona akijaribu. Alishika simu, akasema "mwanangu", akanyamaza, nawe ukasema uko kazini.

Halafu alivaa viatu. Wiki ileile, na miguu yake ile iliyovimba, alikwenda nyumba moja baada ya nyingine kwa wenzangu wote saba kutafuta vile vipande. Sita vilikuwa vimeoza, kama nilivyowafundisha. Wa saba alikuwa Bibi Pasi, mkongwe wetu wa dobi, ambaye hakunisikiliza kwa sababu hakuwahi kumsikiliza mtu. Alikuwa amekisahau kipande chake juu ya gazeti hadi kikakauka, ndipo akakichomeka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akakiacha juu ya tangi la maji. Kilikuwa hai. Mama alikaa kwa Bibi Pasi mchana mzima mpaka akapewa nusu yake. Akailaza siku kumi, akafunga uzi mwekundu, akaipanda.

Lile la sebuleni, la kwake, lilikufa mwaka uliofuata kwa wale wadudu weupe wa pamba. Hakulipigania sana. Nguvu zake zote zilikuwa kwa lile la chumbani. Hilo uliloliona lina maua, Dada, lililofika sakafuni, ndilo lako. Ni la mwanao. Mama alilitunza miaka tisa, na hakuweza kukwambia lipo, maana ungeuliza limetoka wapi, na angelazimika kunitaja.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Ningekuwa mwoga tu, na mwoga husamehewa. Lakini kuna jambo la pili, na hili mama hakulijua.

Mwaka huu kifua kilipomlaza moja kwa moja, aliniita, akaniambia wakati umefika, nikuandikie. Nikasema nitakupigia. Akasema hapana, simu itakatwa, barua itasomwa mara mbili. Akaninunulisha karatasi, hizihizi. Kesho yake nilipotoka kazini akaniuliza, "Umemwandikia?" Nikasema nimekuandikia. Dada, sikuwa nimeandika hata jina lako. Alifurahi mno, akaniomba nimwinue kitandani ili alione dungusi, akasema ukija utalikuta limeanza kutoa vitumba vya maua.

Basi akaanza kukungoja. Kila mlango ukigongwa ananyamaza asikilize. Alinisumbua nibadilishe shuka, nikate kucha zake, nilete kiti kizuri kutoka sebuleni. Baada ya wiki mbili akauliza kama majibu yamekuja. Nikasema barua siku hizi zinachelewa. Baada ya wiki nyingine akasema andika tena, huenda imepotea. Nikasema nimeandika tena. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa ndefu, ilichukua wiki saba, na kila siku nilipotoka kazini nilijiambia leo naandika, nikaingia, nikamwona, nikaogopa kwamba utakuja ukajua, ukanikana mbele ya kitanda chake.

Kisha akaacha kuuliza. Siku tatu kabla hajaondoka nilikuwa namnywesha uji, akausukuma mkono wangu taratibu. Akasema, "Mwache. Amesoma, na hakuweza. Ana haki yake. Usimlaumu, na usichoke kumwandikia." Nilikuwa na nafasi, Dada. Kijiko kilikuwa mkononi. Ningesema tu mama sikuandika, angejua kwamba hukumkataa. Nilimfuta mdomo, nikatoka nje, nikaanika nguo.

Alikufa akiamini kwamba mwanawe mkubwa ameujua ukweli, na hata hivyo hakutaka kuja. Nawe umerudi kwako ukiamini kwamba mama hakujali. Wote wawili mlikuwa mkingojana, na aliyekaa katikati yenu ni mimi.

Sikuombi msamaha kwa barua hii, na ukiona huna la kunijibu sitakupigia kukuuliza habari za mvua. Nitaendelea kulitunza mpaka mwisho wa mwezi. Fundi Saa ana mpwa wake dereva wa lori anayepita njia ya kwenu. Amekubali kulibeba lote kwenye sanduku, mikia imezungushiwa magazeti, likae mbele pamoja naye lisipigwe na jua. Ukisema lije litakuja. Ukisema litupwe, naomba uje ulitupe wewe, maana mimi nimeshindwa. Likifika litanyauka kidogo kwa safari. Usiogope, usilipe maji hadi njiti itoke kavu.

Nisalimie sana shemeji, mwambie simu yake ni nzuri lakini inasikia hadi ndani. Wabusu wanangu. Wakikuuliza kwa nini unalia, waambie mama yao mdogo ndiye chanzo, usiwadanganye, tumeshadanganyana vya kutosha katika nyumba hii.

Na kama itakujia, Dada, kwenda posta kuulizia zile barua mbili za mwanzo, usijisumbue. Hakuna iliyopotea njiani. Hii ndiyo ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku